Ngoma Isiyosikika

Wako watu ambao, wakisikia santuri za kale za jazi, husema kwamba wapigaji wale hawakujua kupiga ngoma. Sisi twaona hukumu hiyo si ya haki, kwa maana yampasa mwamuzi kujua kwanza sauti ile ilinaswaje.

Mwaka 1923 bendi ya King Oliver ilipiga nyimbo zake mjini Richmond, katika jimbo la Indiana, Marekani. Maikrofoni haikutumika. Wapigaji walikusanyika mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yao peke yake ndiyo iliyoitikisa sindano, nayo ikachora mfuo katika sahani ya nta. Ngoma kubwa ingaliweza kuirusha sindano hiyo. Basi Baby Dodds alipiga vibao vya mti badala yake. Tena yasimuliwa kwamba Louis Armstrong alisimamishwa mbali, asije akawafunika wenzake kwa tarumbeta yake.

Mwaka 1925 makampuni ya santuri yalianza kutumia maikrofoni. Hiyo huigeuza sauti kuwa umeme, na umeme huongezwa nguvu kabla ya kuiendesha sindano. Sikilizeni "West End Blues", iliyopigwa na Armstrong mjini Chicago mwaka 1928: hata anapoimba kwa sauti ya chini, twamsikia vema. Je, ndiyo kusema upole haukuwako mwaka 1923? Hasha! Chombo ndicho kilichobadilika.

Kwa hiyo tusiwahukumu wapigaji kwa uziwi wa pembe. Jambo lisilosikika katika santuri huenda lilipigwa, tena vizuri.