Jiwe linalobeba na jiwe linalobebwa

Msomaji wa kijitabu cha mila pengine atauliza: mambo ya mawe ya kubandika ukutani yanaingia wapi humu? Lakini mila si ngoma na mahari peke yake. Namna ya kujenga nyumba nayo ni mila, na huku kwetu Goma jiwe lina historia yake. Ndiyo maana tunataka kusema neno juu ya mtindo uliojaa katika kartiye zetu: kuuvalisha ukuta wa mbele mawe membamba, kuyazungushia mistari ya simenti, kisha kuyapaka vanishi yang'ae.

Tuanze na jiwe lenyewe. Halikutoka mbali, mlima Nyiragongo ndio uliolitapika. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya mji, ukafunika nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia hata katika ziwa Kivu. Watu walirudi mawe yangali na joto. Wenye nyundo wakayavunja, na kitu kilichobomoa nyumba kikawa msingi wa nyumba nyingine. Jiwe hilohilo tumelipanga pia kuzunguka parseli, mara nyingi bila simenti hata kidogo: kila jiwe linakaa juu ya mwenzake kwa uzito wake na kwa jicho la fundi.

Kwa hiyo jiwe letu lilikuwa na kazi, nayo ni kubeba. Tazama nyumba ya mbao ya Goma: chini msingi wa mawe, juu mbao, halafu mabati. Kizito kiko chini, chepesi kiko juu. Udongo ukitikisika, mbao zinayumba kidogo na kurudi. Wengine wanaidharau nyumba hiyo kama nyumba ya maskini, lakini ina akili ndani yake.

Mtindo mpya unageuza mambo: jiwe halibebi tena, linabebwa. Na si mzigo mdogo. Jiwe la volkano lenye unene wa sentimita 5 tu linakaribia kilo 100 kwa kila meta moja ya mraba, na lile lisilo na matundu linapita hapo. Uzito wote huo unashikwa na simenti ya nyuma peke yake. Kama ukuta ulikuwa mkavu au jiwe lilikuwa na vumbi, simenti haishiki vizuri. Maji ya mvua yanaingia kwenye ufa, yanakaa humo, na siku moja jiwe linaachia.

Sisi tunaishi kwenye nchi inayotikisika. Bukavu iliona tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Goma, baada ya mlima kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ilitikisika siku nyingi mfululizo na kuta zikapasuka. Saa kama hiyo watu wanakimbilia mlangoni. Na mawe mazuri zaidi tumeyabandika wapi? Juu ya mlango! Hapo ndipo urembo unapoweza kuua mtoto.

Siku moja tulisimama mbele ya nyumba ya namna hiyo pamoja na masoni mmoja mzee. Upande wa barabara ulikuwa mawe matupu, unang'aa. Pembeni na nyuma yalikuwa matofali wazi, yameanza kuliwa. Mwenye nyumba akacheka: “Huku nyuma hakuna mtu anaonaka.” Mzee akamjibu polepole: “Mvua inaonaka, papa.”

Jibu hilo linatosha kuwa hukumu yetu. Ukuta unaosema jambo moja barabarani na jambo lingine uani unadanganya kwanza mwenyewe. Tena makuta ya fasadi hiyo mara nyingi yangetosha kuweka mifereji ya mabati, au kupiga lipu pande zote nne.

Hatusemi jiwe la kuvalisha ni baya kila mara. Likiwekwa chini ya ukuta, kama nusu meta hivi, linazuia matone ya mvua yanayoruka kutoka udongoni, na hiyo ni kazi ya kweli. Lakini lifanywe kwa heshima: jiwe lioshwe, ukuta uloweshwe, kazi ianzie chini, na maji yaachiwe mahali pa kutokea. Kama ukuta bado unajengwa, mawe marefu yaingizwe ndani yake hapa na pale ili yafunge yale mengine. Ukuta wa mbao au wa udongo usibebeshwe mzigo huo. Na juu ya mlango pabaki pepesi.

Tunaogopa jambo moja zaidi. Vijana wa kazi wakijifunza kubandika tu, nani atajua kesho kuchagua jiwe, kuligeuza mpaka lipate uso wake, na kulikalisha bila kutegemea simenti? Wazee wanaojua hayo wangali nasi. Tuwape vijana wa kuwasaidia pale parseli zinapozungushiwa kuta.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi wa Goma tuongeze: zunguka kwanza nyuma, uone jiwe linabeba nini.