Ncha ya Shaba

Asubuhi moja ya Aprili, mvua ikiwa imepusa, nilimkuta mzee mmoja wa Kalimoni amechutama mbele ya miche thelathini ya kahawa. Jirani yake alikuwa ameinunua kando ya barabara na kuambiwa kuwa yote ni ya aina ya Ruiru 11. Mzee aliinua jani changa kwa kidole, akalielekeza kwenye jua, kisha akausogeza mche kushoto. Wa pili, kulia. Hakuwa na haraka.

Huanzia kwenye ncha. Ikiwa na rangi ya shaba, huitafuta damu ya SL34, mmoja wa mababu wa Ruiru 11. Ikiwa ya kijani, humwaza SL28, babu mwingine. Kisha hushuka kwenye shina, akapima pingili kwa vidole. Zikikaribiana, ni mama, Catimor, yule mfupi. Zikiachana, "babu amerudi." Husema hivyo kwa dhati, kama Wagikuyu wanavyomtazama mtoto aliyepewa jina la babu yake wakamwona mzee ameketi tena kigodani. Kuhusu kinga dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa buni, hakisii: hiyo haisomeki jani likiwa changa, baridi ya Julai ndiyo itakayosema, siku mti utakapozaa.

Ukoo huu umetoka mbali. Chulebuni ilionekana Kenya mwaka 1922, na miaka ya 1960 ikayatia mashamba kilio. Watafiti wa Ruiru, si mbali na hapa, wakawakutanisha mababu hao na mama Catimor, pamoja na aina za Rume Sudan, K7 na mseto wa kisiwa cha Timor, ambako arabika na robusta zilizaana zenyewe. Mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11. Mbegu yake halali hutoka kwenye ua lililochavushwa kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Ukiokota buni chini ya mti wake ukaziotesha, watoto hutawanyika, kila mmoja na sura yake. Kazi ya mikono yote ile huyeyuka kwa msimu mmoja, na muuzaji hajui alichokipoteza.

Ng'ambo ya ua wa shamba, tingatinga lilikuwa likiing'oa mibuni mizee kupisha ploti. Hakuna aliyeuliza ipi ni ipi. Nilitamani mtu angalau azichungulie ncha zake kabla ya mizizi kutazama jua.

Mzee alinikabidhi mche wa mwisho. Niliona kijani tu.

"Tazama tena," akasema, akanigeuzia jani kwenye mwanga.

Pembeni kabisa, wembamba wa uzi, kulikuwa na shaba.