Kupiga Picha ya Mfangano Kutoka Takawiri: Lenzi Gani Ifaayo?

Imekuwa ada ya wapigapicha wa mandhari, waendapo Takawiri, kile kisiwa kidogo chenye ufuo wa mchanga mweupe katika Ziwa Viktoria baina ya Rusinga na Mfangano, kuchukua lenzi pana ya milimita 24 au pungufu yake, kwa kudhani kwamba ziwa kubwa lataka lenzi ya kumeza yote; na dhana hiyo, kwa rai yangu, ndiyo iwakoseshayo picha.

Lenzi ya milimita 24, katika kamera yenye fremu ya milimita 36 kwa 24, huona nyuzi 74 hivi kwa upana, na kila kilicho mbali hukidunisha. Mlima wa Mfangano, ambao kilele chake kimepanda zaidi ya mita 500 juu ya maji, hugeuka kichuguu, na sehemu kubwa ya picha ikabaki maji matupu chini na mbingu tupu juu. Lenzi ya milimita 100 huona nyuzi 20 tu, na mlima ule ule, kutoka pale pale, hukua mara nne na ushei. Walakini ifahamike kwamba lenzi haibadili uwiano wa kitu cha karibu na cha mbali. Uwiano huo huamuliwa na mahali aliposimama mpigapicha, na kazi ya lenzi ni kukata mipaka. Kwa hiyo atakaye mtumbwi uonekane mdogo chini ya mlima sharti kwanza arudi nyuma ufuoni, ndipo afunge lenzi ndefu.

Mmarekani Ansel Adams, alipopiga mwaka 1941 picha yake mashuhuri ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, huko New Mexico, alitumia lenzi ya Cooke ya inchi 23 kwa filamu ya inchi 8 kwa 10, ambayo kwa kamera zetu ni sawa na milimita 80 hivi. Takawiri nayo ina saa yake ya namna hiyo, nayo ni alfajiri ya mwezi mpevu, unapotua magharibi uliko Mfangano, ilhali jua lachomoza mgongoni mwa mpigapicha, upande wa Rusinga. Upana wa mwezi katika picha ni takriban sehemu moja ya 110 ya urefu wa lenzi: milimita 24 huutoa nukta isiyotimia robo milimita, na milimita 200 huukaribisha kwenye milimita 2. Tena wakati huo hewa aghalabu haijajaa ule utusitusi wa adhuhuri, ambao ni adui mkubwa wa lenzi ndefu; ila kwa kuwa tu karibu na Ikweta, jua hupanda wima na nuru laini haikawii kutoweka.

Lenzi pana ina mahali pake, napo ni pale penye kitu cha karibu cha kutazamwa. Omena wanapoanikwa juu ya nyavu mchangani, mpigapicha, akiisha kumwomba ruhusa mama mwenye mali, na apige magoti, aweke tundu f/11 na fokasi mita 1.75, hapo kila kitu, tangu samaki aliye sentimita 90 mbele yake hadi upeo wa macho, kitatoka wazi, magamba na mlima pamoja.

Lakini mwenye nafasi ya lenzi moja tu mkobani achukue ya milimita 85, na awe ufuoni kabla ya saa kumi na mbili alfajiri.