Mlinzi wa Kikapu: Sifa za Dikembe Mutombo

Mtupaji akishauachia mpira, mlinzi hana hata sekunde nzima ya kufanya kazi yake. Mpira unaopanda ni halali kuupiga. Ukishaanza kushuka kuelekea kwenye ringi, haki yake imekwisha: akiugusa, mwamuzi anahesabu kikapu kana kwamba mpira ulitumbukia wenyewe. Ukiwa umeshagonga ubao, hukumu ni ileile. Na kama atawahi mno, mkono wake ukagonga mkono wa mtupaji badala ya mpira, hiyo ni faulo. Kati ya faulo na mpira unaoshuka pana mwanya mwembamba sana, na ndani ya mwanya huo Dikembe Mutombo alijitafutia riziki kwa misimu 18 katika ligi ya NBA.

Naandika kuisifu kazi hiyo, kwa sababu mpira wa kikapu, kama michezo mingi, humpa sifa zake zote mfungaji. Watoto uwanjani hutaja majina ya wafungaji wanapotupa mpira. Anayezuia hupigiwa makofi mara moja, kisha macho yanarudi upande wa pili. Tena hili halikuwa la watazamaji peke yao. Hadi msimu wa 1973–74, NBA haikuwa hata na safu rasmi ya kuandikia mitupo iliyozuiwa. Bill Russell wa Boston Celtics alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, na kila aliyemwona anasema aliutwaa kwa mikono yake ya ulinzi. Alistaafu mwaka 1969. Vitabu rasmi vya ligi havina hata mtupo mmoja ulioandikwa kwamba Russell aliuzuia. Fundi mkuu kuliko wote wa kazi hii aliondoka bila hesabu ya kazi yake.

Namtaja Russell kwa sababu ufundi huu, kama ufundi wowote, hurithishwa. Mchezaji aliyekaa benchi nyuma ya Russell kwa misimu miwili pale Boston aliitwa John Thompson. Hakuwa nyota. Lakini alitazama vizuri, na alipokuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington alijenga shule ya watu warefu wanaolinda. Patrick Ewing alipita mikononi mwake, na mwaka 1984 Georgetown ikawa bingwa wa vyuo vya Marekani. Baadaye akaja Alonzo Mourning. Na mwaka 1987 aliwasili chuoni hapo kijana kutoka Kinshasa, ana ufadhili wa serikali ya Marekani, Kiingereza chake ni kidogo, na nia yake ni kusomea udaktari.

Huyo alikuwa Mutombo. Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, akasoma Chuo cha Boboto, na mchezo wake wa utotoni ulikuwa soka. Kikapu alikishika akiwa na miaka kama 16, tena kwa kusukumwa na familia iliyoona kimo chake kinapotea bure. Siku za mwanzo alianguka akapasuka kidevu, na kovu lile alibaki nalo. Alipokomaa alikuwa na mita 2.18. Watu husema: mtu wa urefu ule atashindwaje kuzuia mpira? Mimi nasema urefu ni kibali cha kuingia tu. Kila msimu NBA huwa na watu wengi wanaokaribia kimo hicho, na wengi wao huondoka baada ya miaka michache bila mtu kukumbuka walizuia nini.

Kazi yenyewe ni ya kusubiri. Mtupaji mjanja huinua mpira kidogo, anatikisa mabega, anataka mlinzi aruke mapema. Mlinzi akishakuwa hewani, mtupaji anampita au anamgonga makusudi apate faulo. Mutombo alijifunza kutoruka kwa hila ya kwanza. Alibaki chini, mikono imeinuliwa, macho kwenye mpira badala ya macho ya mtu, akamwacha mtupaji amalize uongo wake wote. Hapo ndipo alipopanda, mara nyingi baada ya mpira kutoka vidoleni. Kwa urefu wa mikono yake hakuhitaji kwenda juu sana. Alihitaji kwenda kwa wakati.

Jambo la pili halionekani kwenye picha za magazeti. Mitupo mingi inayozuiwa si ya mtu ambaye mlinzi alikuwa anamkaba. Mlinzi wa pembeni amepitwa, mshambuliaji anakimbia peke yake kuelekea kikapuni, na senta, yule mrefu anayelinda kikapu, lazima amwache mtu wake aje kuokoa. Akija mapema, mpira unapigwa pasi kwa yule aliyemwacha. Akichelewa, ni kikapu. Senta anayejua kazi hii huwa amesoma njia nzima kabla haijafunguka, na wenzake wanne hukaba kwa ujasiri zaidi kwa kuwa wanajua nyuma yao kuna mtu. Faida hiyo haina safu kwenye karatasi ya takwimu mpaka leo. Haina safu pia ya mtupo ambao haukutupwa: yule mchezaji aliyefika chini ya kikapu, akauona mkono, akageuka kurudi alikotoka. Wakati wa Mutombo walikuwa wengi.

Denver Nuggets walimchukua wa nne katika drafti ya mwaka 1991, akiwa tayari ameacha mpango wa udaktari na kuhitimu shahada ya isimu na diplomasia. Msimu wa kwanza tu aliingia kwenye mechi ya nyota. Lakini ukitaka kumwona Mutombo mzima, nenda mwaka 1994.

Denver waliingia mechi za mtoano wakiwa wa nane, wa mwisho kabisa kati ya waliofuzu katika kanda yao, na ushindi wa mechi 42. Waliopangwa nao walikuwa Seattle SuperSonics waliokuwa wameshinda mechi 63, idadi kubwa kuliko timu yoyote msimu ule, wakiwa na Gary Payton na Shawn Kemp. Timu ya nane ilikuwa haijawahi kuitoa timu ya kwanza tangu mfumo huo uanze. Wa kwanza kushinda mechi tatu angesonga mbele. Seattle walishinda ya kwanza, wakashinda ya pili. Kisha timu zikasafiri kwenda Denver, na mambo yakaanza kubadilika kule chini ya kikapu. Kemp alikuwa mtu wa danki za kutisha. Sasa alipokuja alimkuta mtu amesimama. Denver walishinda ya tatu. Walishinda ya nne katika dakika za nyongeza. Mechi ya tano ilirudi Seattle, nayo ikaenda dakika za nyongeza, na Denver wakashinda kwa pointi 98 kwa 94.

Katika mechi hizo tano Mutombo alizuia mitupo 31. Hesabu hiyo niitazame tena, maana inapita haraka kwenye sentensi: zaidi ya sita kila mechi, dhidi ya timu bora ya msimu, huku timu yake ikiwa imeshapigwa mara mbili na haina nafasi ya kupoteza tena. Kipenga cha mwisho kilimkuta na mpira wa mwisho mkononi. Alilala chali sakafuni, ameuinua mpira juu ya kichwa kwa mikono miwili, uso umejaa furaha isiyozuilika. Picha za ushindi katika mpira wa kikapu karibu zote ni za mtu aliyefunga. Hii ni ya mtu aliyezuia, na kwangu ndiyo picha kuu ya ligi hiyo katika miaka ile.

Kisha kuna kidole. Baada ya kuzuia, Mutombo aliinua kidole cha shahada akakitikisa taratibu kushoto na kulia, kama bibi anayemkataza mjukuu asifunue sufuria kabla chakula hakijaiva. Wapo walioona ni dharau, na ligi ikaamua kwamba akikitikisa mbele ya uso wa mpinzani atapewa faulo ya kiufundi. Akageuka, akawa anakitikisa kuelekea kwa watazamaji. Mwaka 1997 Michael Jordan alidanki juu yake katika mechi za mtoano kisha akamrudishia kidole hichohicho, na faulo ya kiufundi ikamwangukia Jordan. Mimi sikioni kidole kile kama majivuno. Mfungaji ana namna mia za kushangilia na hakuna anayemuuliza. Mlinzi hakuwa na hata moja. Mutombo alimpa mlinzi ishara yake, na kuanzia hapo mtoto wa mtaani aliweza kumwigiza mtu anayezuia, jambo ambalo halikuwapo kabla yake.

Tuzo nazipitia haraka. Mlinzi Bora wa Mwaka mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mechi ya nyota mara nane. Aliongoza ligi kwa wastani wa mitupo iliyozuiwa misimu mitatu mfululizo, na katika msimu wa 1995–96 wastani wake ulikuwa 4.5 kwa mechi. Ribaundi zake za maisha ni 12,359. Ubingwa hakuupata. Alifika fainali mwaka 2001 akiwa na Philadelphia 76ers ya Allen Iverson, wakafungwa na Los Angeles Lakers ya Shaquille O'Neal, na akafika tena mwaka 2003 na New Jersey Nets, wakafungwa na San Antonio Spurs. Wanaomshusha kwa sababu hiyo wanasahau kwamba ubingwa ni wa timu; kazi ya fundi mmoja ina kipimo chake.

Mara baada ya fainali ile ya 2001, sheria nazo zilimgeukia. Ligi iliamua kwamba mlinzi asiyemkaba mtu hawezi kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Mahali alipokuwa anasubiri pakawa pa kupita tu. Alikuwa na miaka 35, umri ambao masenta wengi wameshaanza kuchechemea. Aliendelea miaka minane zaidi. Kule Houston, katika timu ya Rockets, alikuwa msaidizi wa senta Yao Ming, akiingia kwa dakika chache, na Yao alipoumia mwezi Februari 2008 mzee akasimama badala yake. Rockets walikuwa katikati ya mfululizo wa ushindi wakati Yao anatoka. Mfululizo ule ulifika mechi 22. Mwaka mmoja kabla, Januari 2007, akiwa na miaka 40, alikuwa amempita Kareem Abdul-Jabbar na kushika nafasi ya pili katika historia ya mitupo iliyozuiwa. Aliumia goti Aprili 2009 katika mechi ya mtoano, na hapo ndipo alipoacha. Jumla yake ni mitupo 3,289.

Wa kwanza ana 3,830. Ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, ambaye kabla ya kikapu alikuwa golikipa wa soka. Tangu hesabu hii ianze kuandikwa, wawili wa juu kabisa ni watoto wa Afrika, na wote wawili waliujua mchezo huu wakiwa vijana wakubwa, wakitokea michezo mingine. Mtu asiniambie kwamba ulinzi ni kipaji cha kuzaliwa nacho tu. Wote wawili walifundishwa, wakakubali kufundishwa.

Fedha ya kazi hiyo ilijenga pia hospitali. Mama yake Mutombo aliugua Kinshasa wakati wa machafuko na hakuweza kufikishwa kwa daktari kwa wakati. Mwaka 2007 Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye jina la mama huyo na vitanda 300, ilifunguliwa jijini humo. Zaidi ya nusu ya gharama, dola milioni 15, zilitoka mfukoni mwa mwanawe. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58.

Mwaka uleule wa 2009 aliostaafu, mwezi Juni, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alikuwa mrefu kuliko Mutombo, na katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa amesifika kwa kuzuia. NBA hakudumu zaidi ya miaka mitano. Simlaumu, alianza mchezo akiwa na miaka kama 15, na ligi ile haina subira na wanaojifunza ikiwa tayari imewaajiri. Ila hadithi zao mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha pengo lilipo: Mutombo alipewa miaka minne ya John Thompson kabla ya mtu yeyote kumdai matokeo.

Kwa hiyo neno langu ni kwa makocha wa vijana wa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura, Kigali na Goma. Akija kwenu binti au kijana mrefu kuliko wenzake, mfundisheni kusubiri kabla hamjamfundisha kudanki. Msimwadhibu kwa mtupo aliouacha upite kwa kukataa kuruka ovyo. Na katika daftari mnaloandikia vikapu na ribaundi, choreni safu moja zaidi, muandike mitupo aliyoizuia.