Mteja ni mfalme? Tuulize maduka ya bunduki ya Marekani



Kila mutu aliyesoma biashara ao uchumi ku iniversite alifundishwa neno hili: mteja ni mfalme. Tunalirudia mu memwari zetu bila kulichunguza. Leo napenda tulipime mahali ambapo kosa la muuzaji linaweza kuua: ndani ya duka la bunduki, kule Marekani.

Najua, kwetu huku Mashariki jambo hili linashangaza. Sisi bunduki hatuijui ikiwa imepangwa dukani na bei yake. Tunaijua barabarani, na tunaijua usiku. Lakini kule ni bidhaa, iko na duka lake, na duka hilo liko na tabia yake.

Zamani Mmarekani aliweza kuagiza bunduki kwa posta. Ile iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 iliagizwa vile vile, kutoka duka moja la Chicago. Mwaka 1968 sheria ikafunga njia hiyo: bunduki inayotoka jimbo lingine lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Muuzaji anamjazisha mnunuzi fomu, na tangu 1998 jina linachunguzwa mu mfumo wa FBI kabla ya kumkabidhi silaha. Hata leo, ukiinunua ku intaneti kwa duka la jimbo lingine, haiji mlangoni kwako. Inatumwa ku duka la karibu, njo unaenda kuichukua pale, na mwenye duka anakulipisha kitu kidogo kwa kazi yake.

Fikirini vizuri: ni biashara ngapi duniani ziko na bahati hiyo? Sheria inamshika mkono mteja wa mshindani wako, inamleta mpaka mbele ya meza yako.

Basi, kwa nini maduka madogo ya zamani yamepungua? Tuseme ukweli wote. Sababu ya kwanza haihusu heshima: sheria ya 1993 ilipandisha ada ya leseni, kutoka dola 10 kwa mwaka mpaka dola 200 kwa miaka mitatu. Masharti nayo yakakazwa, na wengi waliokuwa wanauzia nyumbani wakaacha. Sababu ya pili ni bei, juu duka kubwa linanunua kwa wingi na intaneti hailipi nyumba ya barabarani. Lakini iko sababu ya tatu, na wateja wenyewe njo wanaitaja: dharau.

Anayeingia mara ya kwanza anaulizwa maswali kama yuko mu mtihani. Mwanamke anauliza, jibu linapewa mume wake. Na yule aliyekuja kuchukua bunduki ya intaneti anapokelewa kwa uso uliokunjwa: "Si ungenunua kwangu?" Anachukua yake, anatoka bila kununua hata boksi moja ya masasi, na harudi tena.

Hapa wengi wangefunga mjadala: muuzaji atabasamu, apunguze bei, mteja ni mfalme. Mimi nakataa.

Mwaka 2009, mu jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki ku duka moja, mu muda usiofika wiki. Kila mumoja alijiua masaa machache baada ya kununua. Fomu inauliza kama ulihukumiwa. Haiulizi umeamuka vipi leo asubuhi. Baadaye, wenye maduka wa jimbo hilo wakakaa pamoja na watu wa afya, wakatengeneza mwongozo. Mteja ambaye hajali ni bunduki gani, hataki kujua namna ya kuitumia wala kuitunza, anaongea juu ya shida kubwa iliyompata: usimuuzie leo. Wakabandika pia karatasi zenye nambari ya simu ya msaada.

Kumbukeni kwamba Marekani, zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki kila mwaka ni wale wanaojiua. Kwa mutu kama huyo, huduma bora ni "hapana". Mfalme hakataliwi. Basi mteja si mfalme, ni mutu.

Na wale wanaolilia maduka ya zamani, nao niwaambie. Munasema duka la mtaa lilijua watu wake. Sawa, lakini jicho la dharau haliwezi kuchunga. Muuzaji ambaye hamtazami mwanamke usoni, ataona vipi kama anakuja na machozi? Kumheshimu mutu na kumlinda vinaanza na kitu kimoja: kumwangalia. Intaneti haina macho kabisa. Macho yalibaki pale mezani tu, na mwenye duka akayatumia kwa kununa.

Turudi kwetu. Munajua farmasi za mtaa. Unaingia, unataja antibiotiki, unapewa vidonge vine juu pesa yako ni ya vine. Hakuna swali. Kesho mwingine anafungua pembeni, anapunguza franka mia mbili, sisi wote tunahamia kule. Kwa nini tusihame? Yule wa kwanza hakuwa na kitu kingine cha kutupatia isipokuwa bei. Angeuliza tu, "Mgonjwa ni nani? Iko na miaka ngapi? Homa ilianza lini?", angeuliza hata kwa sauti ya ukali, mimi ningebaki kwake.

Wengi wetu hatutapata ofisi. Tutafungua butiki, farmasi, duka la simu, na tutalalamika kwamba wakubwa na intaneti wanatumaliza. Pengine ni kweli, bei zao hatutaziweza. Lakini kabla ya kulalamika, kila mumoja ajiulize: ni lini mara ya mwisho nilimwambia mteja "hapana, hiki hakikufai", nikapoteza pesa yangu kwa faida yake?

Nanyi munaonaje?