"Mwagia maji ya moto, loweka usiku kucha": ushauri mmoja, mbegu tatu

Ukiwa Nyamagana, iwe Mkolani, Buhongwa au Igoma, hebu uliza namna ya kuotesha mti wa dawa. Jibu linakuja fasta: chemsha maji, mwagia mbegu, acha usiku kucha, asubuhi panda. Ushauri huu ni wa kweli kwa baadhi ya mbegu. Kosa ni kuugawa kama tiba ya mbegu zote. Tuupime kwa mimea mitatu.

Mgunga, ambao magome yake hutumika kutibu kikohozi, una mbegu yenye ganda gumu lisilopitisha maji. Maji ya moto hulilegeza; kulikwangua kwa msasa hufanya kazi hiyohiyo. Hapa ushauri unafaulu, alimradi umeepua sufuria kwanza. Ukichemsha mbegu zenyewe, umepika.

Mwarobaini ni habari nyingine. Mbegu yake mbichi haihitaji kuamshwa, inahitaji kuwahiwa. Osha nyama ya tunda, anika kivulini, panda mapema, maana ikiwekwa hivihivi nyumbani hupoteza uhai ndani ya wiki chache. Maji ya moto yataiua tu. Na ukinunua mbegu za msimu uliopita, hata uziloweke wiki nzima, nyingi haziamki.

Pakanga, mmea uliotupatia artemisinini, dawa ya malaria iliyompa Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, una mbegu kama vumbi: gramu moja ina maelfu. Mbegu hizi hutaka mwanga ili ziote. Ukizifukia umezizika. Zitawanye juu ya udongo laini, kisha nyunyizia maji taratibu zisisombwe.

Udhaifu wa pili uko kwenye ushahidi. Utasikia kuloweka "kumeongeza uotaji kutoka 50% hadi 70%". Sawa, lakini mbegu zilikuwa ngapi? Kama ni kumi kila upande, tofauti nzima ni mbegu mbili! Rudia kesho, matokeo yanaweza kugeuka. Afadhali mbegu 100 kila upande, katika mafungu manne ya 25, na upande mmoja usiguswe kabisa. Bila huo wa kulinganisha, hujui kama ni maji yaliyosaidia au ni mbegu nzuri tu.

Tatu, kuota si kukua. Mche unaweza kuchipua Jumatatu na kuanguka Ijumaa kwa kinyausi, kwa sababu ya maji mengi na miche kubanana. Mgunga ukichelewa kwenye kiriba, mzizi mkuu hujikunja, na mti unateseka hata baada ya kupandwa shambani. Kwa hiyo anayetangaza asilimia ya wiki ya pili hajamaliza kazi. Atuambie ni miche mingapi iko hai baada ya miezi mitatu.

Kwa nini tuwe wakali hivi? Kwa sababu kitalu kikifa, mgonjwa hasubiri. Mchimba dawa anarudi kilimani na panga, na gome likizungushwa shina zima, mti unakufa. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa ili majani na miti ipumzike. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyo. Pale ambapo visiki bado vina uhai, kuvilinda kunaweza kushinda viriba elfu moja.

Kwa hiyo kabla hujabandika sufuria, ijue kwanza mbegu uliyoishika.