Nyuzi nane bila watu: kusikiliza En Mana Kuoyo ukiwa Musoma

Ukikaa Musoma, chombo cha nyuzi nane si kitu cha kushangaza. Wakurya wana litungu, Waluo wa Rorya wana nyatiti, na mwenye sikio anavitofautisha kabla mwimbaji hajafungua kinywa: litungu ni zito, linanguruma kama limefungiwa mtungini, nyatiti iko juu zaidi, tena ina haraka. Kwa hiyo En Mana Kuoyo, albamu ya Ayub Ogada iliyotolewa na Real World mwaka 1993, huku haiwezi kusikilizwa kama inavyosikilizwa Uingereza. Kule ni muziki wa mbali. Huku ni wa jirani, jirani aliyebadilisha jambo moja kubwa.

Amewaondoa watu. Nyatiti ya kwenye msiba au sherehe ina kelele zake. Mpigaji ana njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, anagonga nayo chombo. Katikati ya wimbo mtu anainuka, anatoa hela, anausimamisha wimbo ajitape: mimi mtoto wa fulani, shemeji wa fulani. Waluo wanaita pakruok. Mpigaji anangoja, kisha anaendelea, na jina la yule mtu tayari limo ndani ya wimbo. Kwa Ogada hakuna anayekatiza. Kuanzia "Obiero" anaimba taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Wapo watakaosema hiyo si nyatiti, ni nyatiti ya wazungu. Kiukweli hoja wanayo, ila wanasahau njia aliyopita. Alizaliwa Mombasa kwa jina la Job Seda, akapiga na bendi za Nairobi, akaenda Uingereza mwaka 1986, akawa anapiga kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi London. Pale utamngoja nani ajitape? Mpita njia anatupa sarafu na kwenda zake, shemeji yake humjui. Wimbo ulilazimika kujifunza kujitosheleza, na ukimya huu nausikia kama alama ya upweke kuliko hila ya studio.

Ndiyo maana "Dala", yaani nyumbani, inauma. "Chiro", sokoni, hainishawishi sana. Ni soko lililofagiliwa mno, halina hata muuza dagaa mmoja. Lakini "Kothbiro", mvua inakuja, sina la kuitoa kasoro. Nyuzi zinazunguka palepale, sauti inaingia juu yake bila kusukuma. Sisi wa kando ya Ziwa mvua tunaiona kwanza juu ya maji, kisha unangoja. Wimbo huu unajua kungoja.

Sasa panda basi Bunda kuja Musoma usikilize litungu linalopigwa humo. Mara nyingi limefunikwa na kinanda na ngoma za kompyuta, nyuzi unazitafuta kama sindano. Prodyuza anaogopa kwamba nyuzi peke yake hazitajaza spika. Ogada alishajibu hofu hiyo mwaka 1993. Ila dawa si kumwiga mzimamzima. Mimi ningetaka mpiga litungu arekodiwe hata uani kwenye harusi huko Butiama, kinanda kikae kimya, wale mashangazi wanaopiga vigelegele katikati ya ubeti wasifukuzwe.

Ukitaka kupima ukubwa wa alichokifanya, itafute "Kothbiro" ya zamani, ya miaka ya 1970, aliyoipiga na bendi ya Black Savage. Magitaa, vijana wa mjini, kundi zima. Ile ndiyo Kanye West aliyoichukua kipande kwenye "Yikes" mwaka 2018. Ya peke yake ndiyo iliyoingia kwenye filamu The Constant Gardener mwaka 2005. Zisikilize kwa kufuatanisha. Mvua ni ileile, ila kwenye ya kwanza wanaingojea wengi, kwenye ya pili anaingojea mtu mmoja.